Adabu za Kumkaribisha Mgeni wa Miguu Sita

Mgeni njoo, mwenyeji apone: hakuna mgeni anayeitimiza methali hii kama nyuki. Akipita katika ua wako Lodwar au Kakuma alfajiri, wiki chache baadaye unakata boga. Asipopita, unabaki na majani. Kwa hiyo huu ni mwongozo wa adabu: namna ya kumnywesha mgeni huyu, kumlisha, kumwekea kivuli na kumlinda na mbuzi, ili kesho arudi na wenzake.

Kwanza tuwaondoe wanaoziba mlango. Anayetangulia kutoka ni ukoka. Kuna mtu anamaliza nyumba yake nzuri pale Lodwar, rangi haijakauka ukutani, tayari anaulizia lori la ukoka wa kutoka Kitale. Ndugu yangu, Kitale ni Kitale. Ukoka huo utakunywea maji ya wanao chini ya jua la digrii 35 na zaidi, kisha usimpe nyuki kitu cha maana, kwa sababu nyasi huchavushwa na upepo. Wa pili ni bogenvilia. Huyu simfukuzi, ila namwambia ukweli mbele ya watu: yale mapana mekundu na ya zambarau ni majani yaliyovaa rangi. Ua lenyewe ni lile jeupe dogo katikati, na nyuki wengi hulipita bila kutua. Panda moja getini ukipenda. Ukijaza ua mzima, umewaandalia wageni meza yenye vitambaa vizuri bila chakula. Maua ya plastiki siyajadili.

Sasa maji, maana huku kila jambo huanzia hapo. Lodwar hupata mvua ya takriban milimita 200 kwa mwaka. Chukua mita moja ya mraba ya ua wako, kusanya kila tone lililoangukia hapo mwaka mzima: utapata lita 200, yaani mitungi 10 ya lita 20. Tuta la mboga katika joto hili hunywa lita 5 kwa siku kwa kila mita ya mraba bila kushiba. Mvua ya mwaka mzima imekwisha kwa siku 40, na bado hujavuna bamia. Hii ndiyo sababu tuta la Turkana haliinuki, linazama. Matuta ya kuinuka waachie watu wa Kisii, ambako maji ni mengi hadi inabidi yatafutiwe njia. Wewe chimba kwenda chini, kina cha sentimita 30 hivi, tandika samadi iliyooza vizuri, panda humo ndani. Maji yakimwagwa hayakimbii, upepo unapita juu, na mche unapata kivuli cha ukingo wa shimo saa ambazo jua ni kali zaidi. Kama eneo lako ni dogo, kama ilivyo katika nyumba nyingi za Kakuma, tumia gunia: nguzo ya kokoto katikati, udongo na samadi pembeni, miche juu na kwenye matundu ya ubavuni. Maji unayamimina kwenye kokoto, nayo yanafika mpaka chini.

Maji ya kumwagilia unayo tayari. Ulikuwa unayamwaga mlangoni. Yale ya kwanza ya kuosha sufuria, yenye sabuni nyingi, yapeleke kwenye miti mikubwa. Yale ya kusuuza yapeleke kwenye mboga, shinani wala si juu ya majani. Na kama una bati, weka mfereji: mita 10 za mraba za paa hukusanya karibu mitungi 100 katika mwaka wa kawaida.

Halafu kuna maji ya mgeni mwenyewe, na hapa naomba usikilize vizuri. Ndani ya mzinga, watoto wa nyuki wanahitaji joto la takriban digrii 35. Joto la nje likipanda kupita hapo, baadhi ya nyuki vibarua huacha kutafuta chakula na kwenda kutafuta maji. Huyaleta tone kwa tone, huyapaka juu ya masega, kisha hupepea kwa mabawa mpaka nyumba ipoe. Lodwar kazi hiyo inaweza kuwashika karibu kila siku. Basi chukua karai pana lisilo na kina, lijaze kokoto hadi mawe yachomoze juu ya maji, kwa sababu nyuki haogelei. Anataka kusimama pakavu na kushusha ulimi pabichi. Liweke kivulini, mbali na mlango na mbali na bomba. Na ukishaanza, usiliache likauke. Nyuki wakizoea mahali pa maji wanarudi na kuwaonyesha wenzao, na wakikuta karai kavu watahamia kwenye bomba, pale ambapo akina mama na watoto wamepanga mitungi foleni. Mtoto akiumwa pale, lawama haina budi kurudi kwa karai lako.

Baada ya maji ni ua wa miiba, kwa sababu mwenye nyumba hupanga na mbuzi hupangua. Mbuzi wa Turkana hajui bustani ya mapambo ni nini. Kwake jani ni jani, na la mrihani lina harufu nzuri zaidi. Usipande hata mbegu moja kabla hujazungushia miiba. Lakini miiba ya nini? Si ya mgunga. Mgunga, ewoi kwa Waturkana, ni chakula cha mifugo wakati wa akamu, msimu wa kiangazi, na kando ya mto Turkwel miti hiyo ina wenyewe: kila familia ina ekwar yake, sehemu ya miti ambayo haki ya kuitumia inajulikana tangu enzi za mababu. Ukikata tawi hapo umeingia ghalani kwa watu. Kakuma nako, tangu kambi ya wakimbizi ilipofunguliwa mwaka 1992, kuni na miti mibichi imekuwa chanzo cha ugomvi kati ya wenyeji na wakimbizi. Bustani inayoanza kwa kumkera jirani haitapendeza hata ichanue vipi.

Kata mathenge. Huo hakuna atakayekulaumu.

Na tusimame kidogo kwenye mathenge, maana hapa mpenda nyuki anapata mtihani wa kweli. Mti huu uliingizwa Kenya katika miaka ya 1970, na katika miaka ya 1980 ukapandwa sehemu kavu za nchi, Turkana na Baringo zikiwemo, ili uzuie jangwa na kuleta kuni. Ulifanya kazi kuliko ulivyoagizwa. Leo umeziba laga, yaani mito ya msimu, na kingo za mito, na miiba yake hutoboa ndala na hata tairi ya bodaboda. Mwaka 2006 wakazi wa Baringo walipeleka malalamiko yao mahakamani Nairobi wakiwa na mbuzi asiye na meno, ili mahakama ione yenyewe maganda yale matamu yanavyoharibu kinywa cha mnyama. Lakini ua lake! Lile refu la manjano, mfano wa mkia wa paka, limejaa utamu, na nyuki hulijia kwa furaha hata wakati ambapo mimea mingine imekauka. Asali yake ni nzuri, na anayefuga nyuki kando ya Turkwel hawezi kuikana.

Nimelifikiria sana jambo hili na msimamo wangu ni huu: usiupande, na uliojiotea ndani ya ua wako ung'oe ungali mdogo, kabla mzizi haujafika mbali. Nyuki hawatapungukiwa, kwa sababu mathenge wa kwenye laga unatosha, tena unabaki. Matawi makavu yafanye boma. Na chunga samadi: mbuzi anayekula maganda hutoa mbegu zikiwa nzima, kwa hiyo ukitandika samadi mbichi umepanda mathenge kwa mkono wako. Iache ilowe na ioze kwanza, na chochote chenye vijani vidogo viwili viwili usichokitambua kikichipua humo, king'oe kila wiki.

Miti ya kupanda ni ile inayokijua kiangazi. Mwarobaini Lodwar hauhitaji utambulisho. Kila mtu amekaa chini yake akisubiri gari, na maua yake madogo meupe huwaita nyuki kwa harufu. Mlonge ukimwagiliwa hutoa maua kabla ya mwaka kuisha, majani unakula, na ukiukata unachipua tena. Mkunazi, ekalale, una maua ambayo binadamu hayaoni na nyuki hayakosi, halafu watoto wanapata kunazi. Edome nayo ina maua meupe na matunda ya kula. Mswaki unavumilia udongo wa chumvi unaoua miti ya kigeni. Panda angalau aina tatu, kwa sababu haichanui pamoja, na unachotaka ni mgeni kukuta chochote mezani mwezi wowote. Nyuki wa Afrika hawana subira. Chakula kikiisha huhama pamoja na malkia wao, mzinga ukabaki mtupu. Ukiwa mbali na vilima vya Loima au kingo za Turkwel, wakishahama huenda ukasubiri mvua nyingine kabla ya kuwaona. Panda akiporo, msimu wa mvua, inapoanza, mashimo yawe yamechimbwa tayari, na zungushia mawe kila shina ili unyevu usiruke. Yale mawe uliyokuwa ukipaka chokaa kando ya njia yamepata kazi.

Sasa urembo, maana bustani yafaa ipendeze pia. Nyuki haoni wekundu kama sisi. Macho yake hupenda buluu, zambarau, manjano na nyeupe. Tena akianza na aina moja ya ua, huendelea na hiyo hiyo mpaka arudi nyumbani. Kwa hiyo usitawanye mche mmoja huku na mmoja kule. Panda kwa mafungu: mrihani mahali pamoja, alizeti ukutani, dania kwenye shimo lake. Watu wanalalamika kwamba dania Lodwar hukimbilia kuchanua kabla hujachuma ya kutosha. Iache! Maua yake meupe ni karamu, na mbegu utasaga kuwa bizari. Mrihani pia, usiuchume wote. Mashina mawili matatu yaache yatoe maua ya zambarau.

Lakini ua lenye uzuri wa kweli, na hapa nasema kwa moyo wote, ni la boga. Toka nje mapema, kabla ya saa moja asubuhi. Utaona maua ya aina mbili kwenye mtambaa mmoja: dume limesimama juu ya kikonyo chembamba, jike limekalia kiboga kidogo mfano wa gololi yenye manyoya. Nyuki anaingia dume, anazama mpaka chini, anatoka amepakaa unga wa manjano kichwani na miguuni hadi anaonekana mzito kuruka, kisha anaingia jike. Hapo ndipo boga linapotungwa. Ua hilo lina asubuhi moja tu. Jua likishapanda limejikunja na halifunguki tena. Kama hakuna aliyepita, ile gololi inageuka njano na kuanguka baada ya siku chache. Watu humwaga dawa wakidhani ni ugonjwa, kumbe ni upweke. Tikiti maji nalo lina tabia hiyo hiyo, na likitembelewa mara chache huzaa tunda lililopinda upande mmoja.

Bamia na kunde hujitosheleza zaidi, lakini maua yao hulisha. Katika Kakuma ambako Msudani Kusini anataka bamia, Msomali anataka tikiti na Mkongo anataka majani ya boga, mbegu zinabadilishwa juu ya boma la miiba kila siku, na nyuki haulizi kadi ya mtu.

Mgeni wetu pia ana ndugu wasiojulikana. Spishi nyingi za nyuki haziishi mzingani kamwe. Kuna yule mkubwa mweusi anayetoboa mbao kavu. Ndiye anayetikisa ua la biringanya na nyanya kwa mtetemo mpaka chavua idondoke, kazi ambayo nyuki wa asali haiwezi. Muachie gogo kavu kwenye kona. Wengine hulala katika mashimo madogo ardhini. Najua kufagia ua asubuhi ni heshima ya nyumba, lakini kona moja yenye udongo mgumu usiifagie.

Dawa ya wadudu: jioni, maua yakishafungwa, na ikiwezekana maji ya majani ya mwarobaini. Nzige walipoingia Turkana mwaka 2020 kulikuwa na sababu ya kunyunyiza. Vidukari wachache kwenye kunde si nzige. Wapige kwa maji ya sabuni na uendelee na kazi zako.

Mwisho, usimwogope aliye kwenye ua. Anayetafuta chakula hana nyumba ya kulinda pale, kwa hiyo hana vita na wewe. Wa kuogopwa ni walio kwenye mzinga, ndiyo maana bustani iwe karibu na nyumba na mzinga uwe mbali. Na siku kundi zima likitua kwenye mwarobaini wako, likining'inia kwa makelele, usichome moto wala kumwaga mafuta ya taa. Hao wako safarini. Mara nyingi huondoka ndani ya siku moja au mbili. Funga mbuzi upande wa pili, watoto wakae ndani. Wakianza kuingia darini, muite mrina asali aje na mzinga wake usiku, na malipo mkubaliane kabla hajapanda ngazi.