Waraka kwa Wasimamizi wa Leba

Waheshimiwa,

Naandika kutoka Ngokolo, Manispaa ya Shinyanga. Najua mna kazi nyingi, kwa hiyo nasema moja kwa moja: turuhusuni tuingie leba tukawakande mabinti zetu migongo.

Mnatuambia tusubiri nje. Tunasubiri na khanga, beseni na chupa ya chai, huku binti anaugulia uchungu peke yake na muuguzi mmoja akikimbizana na vitanda. Akilia, anaambiwa avumilie. Ushauri huo ni mwepesi sana kwa asiye na uchungu.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa miongozo ya huduma ya kujifungua. Mama mwenye afya njema akiomba nafuu ya maumivu, inapendekeza akandwe au awekewe kitambaa chenye joto, na kila mama awe na mtu aliyemchagua mwenyewe. Bila shaka miongozo hiyo mnayo. Huenda imo kabatini, na mwenye ufunguo yuko semina Dodoma.

Hatudai miujiza. Watafiti wanasema kukandwa huenda kukapunguza maumivu katika hatua ya kwanza ya uchungu, ingawa ushahidi wao bado si imara. Lakini aliyewahi kukandamizwa kiganja chini ya kiuno, pale uchungu unapopanda, hamsubiri profesa. Tena mkono huo hauagizwi Bohari ya Dawa wala hauishi stoo.

Nanyi mama zangu na shangazi, msichekelee mapema. Tukiingia, mikono yetu ibaki mgongoni, kiunoni na mabegani. Tumbo tuliache. Kulikanda kwa nguvu ili mtoto ageuke, au kulisukuma ili ashuke upesi, kunaweza kupasua kizazi au kubandua kondo kabla ya wakati. Na binti akitoka damu nyingi, au kichwa kikimgonga na macho yakaona giza, hiyo ni kazi ya mkunga na daktari, si ya mafuta ya nazi. Hapo waheshimiwa wana haki ya kutufokea.

Mnasema chumba ni cha wengi, hakuna faragha. Ni kweli. Basi tundikeni mapazia kati ya vitanda. Mbona ya ofisini yalipatikana? Kama fungu limeisha, tupeni vipimo na kitambaa. Kushona tutashona wenyewe, tena bila posho ya kikao.

Wenu katika kusubiri nje,
Bibi wa Ngokolo