Namna ya kununua kitabu cha jiometri Kamina bila kudanganywa na jalada

Usiende sokoni na mtoto. Mtoto atachagua kitabu chenye roketi kwenye jalada, na muuzaji atamuunga mkono kwa moyo wote. Nenda peke yako, asubuhi, jua halijapanda, ukiwa na kalamu, kipande cha uzi na subira ya kusimama mbele ya meza ya vitabu mpaka muuzaji akuletee kiti.

Wazazi wengi wa Kamina, hapa Kongo, tumekuwa walimu bila kuajiriwa na mtu. Shule ya msingi ya serikali haidai karo tangu 2019, lakini sekondari bado inalipiwa, na mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa minerval, yaani karo, hawezi kukaa kizingitini akihesabu mabehewa. Kuna pia binti aliyeacha masomo kwa sababu ya uzazi, na baba wa miaka 40 anayetaka kuingia Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, kama otodidakti, mtahiniwa asiye na shule. Watu hawa hawana wa kumwinulia mkono darasani. Kitabu ndicho mwalimu wao, na mimi naumia nikiona franga zao zimekwenda kwenye makaratasi mabovu.

Ukifika mezani, usiombe “kitabu cha jiometri”. Marekani mtoto anaweza kusoma jiometri mwaka mzima katika kitabu kimoja, akakifunga na kwenda zake. Kwetu jiometri imetawanywa ndani ya hisabati: pembetatu na duara kwanza, kisha vekta na trigonometria, kisha jiometri ya mstari, duara na parabola kwa kutumia koordineti, na maumbo ya anga kwa upande mwingine. Sema darasa na opsheni. Mtoto wa Math-Physique na mtoto wa Pédagogie hawabebi mzigo mmoja. Ukikosa kusema, utauziwa kitabu cha darasa alilokwisha maliza, nawe utashangilia kuona mtoto anakielewa haraka.

Utaonyeshwa kwanza kijitabu cha items, kwa kuwa ndicho kinachouzika. Kimejaa maswali ya Exetat ya miaka iliyopita, kila swali na majibu yake ya kuchagua, likiwemo lile linalotangaza kwamba jibu sahihi halipo. Kinunue baadaye, mwaka wa mwisho. Kumfundisha mtoto jiometri kwa items ni kumfundisha kupika kwa kumwonjesha mboga za jirani: atajua ipi ina chumvi, na moto hatajua kuuwasha. Atabahatisha 3, atapata alama, kisha mtu atamwomba apime kiwanja na atamtazama kama aliyeongeleshwa lugha ya kigeni.

Sasa fungua kitabu chenyewe katikati, si mwanzo. Mwanzo kila mwandishi ana adabu. Tafuta uthibitisho wowote na uhesabu ni mara ngapi mwandishi anasema jambo fulani ni dhahiri. Mara moja, tumsamehe. Mara tatu katika ukurasa mmoja, kirudishe mezani: mwandishi huyo amechoka na anataka mwanao achoke naye.

Kisha tazama mchoro wa mche wa mstatili. Kingo zilizojificha nyuma huchorwa kwa vistari vilivyokatika. Vitabu vingi tunavyouziwa ni fotokopi ya fotokopi, na vistari hivyo ndivyo vya kwanza kufa. Mtoto anabaki na sanduku lisilo na nyuma, halafu anaulizwa urefu wa ulalo unaopita ndani yake! Hapo hakuna akili ya kuzaliwa itakayomwokoa. Ukikuta kitabu cha Georges Papy, Mbelgiji aliyeanza kuchapisha Mathématique moderne mwaka 1963, kuwa makini zaidi. Michoro yake ilitegemea rangi, mishale myekundu na ya kijani ikieleza mambo tofauti. Fotokopi nyeusi inaigeuza kuwa utando wa buibui. Hata kikiwa na rangi zake zote, ni kitabu cha enzi ambapo wataalamu wa Ulaya walitaka seti na mahusiano yatangulie pembetatu. Jean Dieudonné, Mfaransa, alisimama kwenye mkutano wa Royaumont mwaka 1959 akataka Euclid aondolewe shuleni. Mimi namtaka Euclid arudi nyumbani kwangu, aketi na watoto.

PDF kwenye simu ni nafuu, nakubali. Lakini jiometri inataka jicho lizunguke kati ya maneno na mchoro, na kwenye kioo cha simu ukiona mchoro maneno yamekimbia. Halafu chaji inaisha katikati ya Pythagoras.

Vitabu vinavyovuka mpaka kutoka Zambia vinapendeza, karatasi yao nzito, mazoezi yao mengi. Mwenye Kiingereza avisome, lakini ajue mitego. Vya Kifaransa vikisema Thalès vinazungumzia mistari sambamba inayokata mingine kwa uwiano. Vya Kiingereza vikimtaja Thales mara nyingi vinamaanisha pembe ndani ya nusu duara, ambayo siku zote ni ya digrii 90. Mtu mmoja, sheria mbili. Tangenti ni tg katika vitabu vya Kibelgiji, na tan katika vya Kiingereza. Mteremko wa mstari Wabelgiji wanauita coefficient angulaire, Wafaransa coefficient directeur. Mtoto aliyejisomea peke yake anaweza kuijua hesabu yote na kukwama kwenye jina. Kwa hiyo kitabu kikuu kiwe kile kinachozungumza lugha ya mtihani wake: Espace Math cha Adam na Lousberg kutoka Brussels, au mfululizo wa Maîtriser les Maths wa Kinshasa. Cha Zambia kiwe cha mazoezi.

Toa uzi wako. Kitabu kizuri kina angalau ukurasa mmoja unaoweza kuutenda uani. Fundi wa nyumba hapa mjini hupiga msingi kwa kupima mita 3 upande huu, mita 4 upande ule, kisha anavuta kamba ya ulalo mpaka isome 5, na pembe inakuwa mraba. Tazama kama kitabu kinamwambia mtoto kwa nini fundi yuko sahihi, au kinampa fomula tu aimeze. Mistari sambamba sisi tunailalia na kuiamkia: reli zinazotoka Kamina kwenda Lubumbashi, Kananga na Kabalo zinaachana kwa milimita 1,067 njia nzima, ingawa ukisimama katikati utaapa kwamba zinakutana kule mbali. Mpeleke mtoto akaone jicho linavyodanganya, aelewe kwa nini tunahitaji uthibitisho. (Umwulize kwanza mtu wa stesheni saa ya treni.)

Na kama kitabu hakina ukurasa wa Afrika hata mmoja, mwongezee wewe. Majirani zetu Wachokwe walichora sona mchangani: nukta zilizopangwa, na mstari unaozizunguka bila kuinua kidole. Paulus Gerdes wa Msumbiji alizichunguza miaka mingi. Kwa mtindo wa mkeka, safu 3 kwa 4 zinakamilika kwa mstari mmoja. Safu 4 kwa 6 zinadai mistari 2. Mwache mtoto ajaribu 6 kwa 9 kabla ya chakula, na asilishwe jibu. Atagundua mwenyewe kwamba mchanga unamtajia kigawo kikubwa cha shirika.

Jaribio la mwisho linafanyika nyumbani, kwa hiyo patana na muuzaji akuruhusu kukirudisha kesho. Wengi hukubali ukiacha amana. Jioni mpe mtoto ukurasa unaothibitisha kwamba pembe tatu za pembetatu zinajumlika kuwa digrii 180. Akate pembetatu ya karatasi, achane kona zake tatu, azipange bega kwa bega; zitanyooka. Kisha muulize kama hilo linatosha kwa pembetatu zote ambazo hajazichana. Asome uthibitisho, ule wa kuchora mstari kwenye kona moja, sambamba na upande unaoitazama. Afunge kitabu akueleze kwa Kiswahili, au kwa Kiluba, hata kama alisoma kwa Kifaransa. Wewe usimsaidie. Kaa kimya, hata kimya kikichukua dakika tano, hata mama yake akichungulia kutoka jikoni.

Akikueleza mpaka ukaelewa, asubuhi peleka franga zilizobaki, ukirudi ukivalishe jalada la karatasi ya mfuko wa simenti na uandike jina lake juu. Akikwama, kirudishe kabla jua halijapanda, uchukue amana yako, na uombe kile kilicho chini ya rundo.