Gari Kujaa Si Kazi: Hotuba kwa Watu wa Makongeni

Anayewahutubia ni Mtaalamu Mkuu wa Michoro ya Michakato ya Biashara, Thika, Ruiru na viunga vyake, cheo nilichojitunuku kwa kuwa hapakuwa na mwingine mwenye hadhi ya kunitunuku. Leo nasahihisha jibu moja. Swali: katika mchoro wa matatu itokayo Makongeni kwenda Nairobi, kazi ni zipi? Mjibu alitaja nne: kupiga debe, gari kujaa, kukusanya nauli, na kuamua kama gari lishike Thika Road moja kwa moja au likate Eastern Bypass pale Ruiru.

Kanuni zipo, ndugu zangu. BPMN 2.0, lugha ya alama za kuchorea michakato ya biashara, iliyotolewa mwaka 2011 na kufanywa kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 19510, mwaka 2013, huchora kazi kama mstatili wenye pembe za mviringo, na kuihesabu kuwa shughuli ambayo mchoraji haigawi tena. Kupiga debe kunapita bila ubishi: mtu yupo, kompyuta haipo, basi ni kazi ya mikono, hata ikifanywa na koo. Lakini gari kujaa? Nani anaitenda? Manamba ataita, abiria watapanda, ila kujaa kwenyewe ni sharti linalotimia. Mahali pake ni duara la mistari miwili, tukio la masharti, ambapo mchakato hungoja mpaka kiti cha mwisho kipate mtu. Mbishi atainuka: mbona kanuni hizo hizo zina kazi ya kupokea, ambayo haifanyi lolote ila kungoja? Hoja hiyo imenifika begani, nakiri, ila haijafika kichwani. Kazi ya kupokea hungoja ujumbe wa mshiriki mwingine, kama uthibitisho wa M-Pesa. Viti havitumi ujumbe.

Nauli sitaikawiza. Anayetaka kuonyesha pesa taslimu, M-Pesa na ugomvi wa chenji aichore kama mchakato mdogo, wenye alama ya kujumlisha chini yake. Asiyetaka, aiache iwe kazi.

Kwenye kuamua ndipo wasahihishaji wa rejareja wangemkata mjibu alama, wakidai uamuzi ni almasi. Wamepotoka! Almasi ni lango, na lango haliamui chochote: husoma uamuzi uliokwisha kufanywa, likaelekeza njia. Dereva ndiye anayepima msongamano, kwa hiyo kupima huko kunastahili mstatili wake kabla ya almasi. Watasema mstatili huo unarefusha mchoro bure. Ufuteni basi, kisha muulize mchoro ni nani wa kulaumiwa gari likikwama kwenye Bypass. Hautakuwa na wa kumtaja.

Hukumu yangu, isiyokatiwa rufaa: alama 3 kati ya 4. Mjibu afute mstatili wa gari kujaa, achore duara. Na wale wa almasi wasithubutu kunisalimu steji.