Mjomba Hayumo

Kompyuta ni yangu. Naomba hilo lieleweke mapema, kabla sijaanza kulalamika. Niliinunua kwa faranga taslimu, nilizozihesabu mara mbili mbele ya muuzaji aliyezihesabu mara tatu, nikaibeba kwapani kwenye mvua mpaka kibandani, na risiti ninayo mpaka leo ingawa wino umefifia. Umeme nalipa mimi. Hata vumbi lililojaa kwenye kibodi ni vumbi la kibanda changu. Lakini Jumanne moja jioni, nilipotaka kuiwekea programu ya printa mpya, iliniambia sina ruhusa.

Ruhusa ya nani?

Kibanda chenyewe kiko upande wa Mbugangari, karibu na Petite Barrière, ule mpaka wa waenda kwa miguu kati yetu na Goma. Natoa fotokopi, napiga picha za pasipoti, nawajazia watu maombi yao ya huduma za serikali kwenye Irembo. Kwa hiyo mambo ya ruhusa nayafahamu, ndiyo yanayonilisha. Kila asubuhi nawaona akina mama wakiteremka na karoti na vitunguu vichwani, kijikaratasi cha jeto, ruhusa ya kuvuka, kimebanwa mkononi kisiloe jasho. Hata ile jumuiya ya CEPGL, iliyoundwa ili watu na mizigo wapite kwa urahisi kati ya Rwanda, Burundi na Zaire ya wakati huo, ilitiwa saini hapa hapa Gisenyi mwaka 1976. Mji huu umezeekea kwenye foleni ya ruhusa. Kuambiwa na afisa mwenye kofia nirudi kesho nimezoea. Kuambiwa na kitu nilichokibeba kwapani, hapana.

Nusu ya lawama namtwika mpwa wangu. Yeye anasomea kompyuta huko Huye. Alikuja likizo, akakuta mashine yangu imejaa virusi, maana kila mteja huja na flashi yake na kila flashi na ugonjwa wake, akafuta kila kitu na kuweka mfumo wa Ubuntu. Jina lilinifurahisha. Kwa Kinyarwanda kitu cha ku buntu ni cha bure, na mimi vya bure sijawahi kuvigombeza. Mpwa akanieleza kwamba ulianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na kwamba huko kwao neno hilo ni utu. Bure na utu ndani ya sanduku moja! Nilimpikia samaki wa sambaza siku hiyo. Akanifungulia akaunti, akaiita "mjomba", akapanda basi akarudi chuoni. Nilidhani lile jina ni heshima.

Sasa printa. Programu yake niliipakua kwa bando la usiku, nikaigonga mara mbili jioni ya Jumanne, ikanifungulia ukurasa wa maandishi yasiyo na kichwa wala miguu. Nikapiga simu.

"Mjomba, faili halina x," akasema mpwa.

Nikamwambia aongee kama mtu aliyelelewa. Akaeleza kwamba kila faili lina ruhusa tatu, kusoma, kuandika na kutekeleza, na ruhusa hizo hugawiwa makundi matatu: mwenye faili, kikundi chake, na watu wengine. Faili langu mimi mwenyewe naweza kulisoma na kulibadilisha, ila kulitekeleza sijaruhusiwa, kwa sababu limetoka kwenye intaneti na mashine hailijui ukoo wake. Yaani nimenunua mbuzi, naruhusiwa kumtazama na kumwogesha, kumchinja mwiko. Basi akanipa amri ya kuandika kwenye lile dirisha jeusi, chmod na kialama cha kujumlisha na x. Faili likaamka, likakimbia mistari miwili, likagonga folda iitwayo opt na kuanguka. Ruhusa imekataliwa.

Hapo sikupiga simu. Nilikwisha kumwona mpwa akitumia neno sudo kila alipokwama, na kila alipolitumia mambo yalinyooka. Nikaliandika. Mashine ikaniomba paswedi, nikaipa. Rwanda ina lugha rasmi nne, Kiswahili kikiwamo tangu 2017, lakini mashine ikachagua Kiingereza, na kwa bahati mbaya nilikielewa: mjomba hayumo katika faili la sudoers. Tukio hili litaripotiwa.

Nilisoma mara tatu. Litaripotiwa kwa nani? Nilimfikiria mkuu wa mudugudu. Niliona Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja, tumemaliza kufyeka, majembe yako chini, kikao kimeanza, naye anasimama na karatasi yake: ajenda ya kwanza, mfereji, ajenda ya pili, kuna mzee mmoja hapa, sitamtaja. Nikaenda kufunga mlango wa kibanda. Kisha nikarudi nikajaribu tena, maana maji nilikuwa nimeshayavulia nguo. Nilijaribu kwa herufi ndogo, nikajaribu kwa kubonyeza kwa nguvu, nikajaribu kwa ukali na kwa upole. Mjomba hayumo.

Mpwa alipopokea simu saa nne usiku, badala ya dawa akanipa historia. Kwamba mfumo wa Unix, babu wa hizi zote, ulianza mwaka 1969 kwenye maabara ya Bell huko Marekani, enzi ambazo mashine moja ilitumiwa na watu wengi kwa zamu na kwa pamoja, kwa hiyo ilibidi kila mtu azuiwe asiguse vya mwenzake. Kwamba sudo yenyewe iliandikwa kama mwaka 1980, chuo kikuu huko Buffalo, na Bob Coggeshall na Cliff Spencer, ili mtu aazimwe cheo cha mkubwa kwa amri moja tu, kisha arudi kuwa mtu wa kawaida.

"Sawa," nikasema, "lakini kibandani hamna chuo kikuu. Niko peke yangu."

"Anayezuiwa ni huyo huyo, mjomba."

Akanishauri programu niiweke kwenye folda yangu binafsi, pasipohitaji ruhusa ya mtu, tuendelee polepole. Nikakataa. Mtu mzima hawezi kutandikiwa mkeka uani kwenye nyumba yake. Basi, kwa kuchoka, akanisomea paswedi ya akaunti yake humo kwenye mashine. Herufi kumi na saba! S kubwa kama Sambaza, k ndogo kama Kivu, alama ya mshangao, tarakimu, alama nyingine ambayo tulibishana jina lake dakika tano. Nikaingia kwa akaunti yake pembeni, ya kwangu nikaiacha wazi, nikaandika amri ya kumwingiza mjomba kwenye kikundi cha sudo na kile cha wasimamizi wa printa. Mashine haikujibu kitu. Kwenye mashine hizi kimya ni ridhaa, kama posa.

Nikarudi kwenye akaunti yangu kifua mbele, nikaandika upya.

Mjomba hayumo.

Asubuhi simu ya mpwa ilikuwa imezimwa. Alikuwa na mtihani. Na hapo ndipo ilipoingia nusu ya pili ya lawama, kijana jirani anayeuza kava za simu. Alichungulia begani kwangu, akasema, "Mzee, piga 777." Akanifunulia hesabu: kusoma ni 4, kuandika ni 2, kutekeleza ni 1, jumla 7, na makundi ni matatu, kwa hiyo saba tatu ni kila mtu kupewa kila kitu. Nilivutiwa. Ilisikika kama haki. Kwa kweli ilisikika kama huo utu ulioandikwa juu ya sanduku. Nikarudi kwenye akaunti ya mpwa na kuamuru folda yote ya usr, na vyote vilivyomo, vipewe 777. Nikabonyeza. Kimya. Ridhaa.

Kisha nikaandika sudo kwa mara nyingine, safari hii ikagoma hata kwa mpwa.

Nilichokuja kuelewa baadaye ni hiki. Sudo yenyewe ni faili kama mafaili mengine, ila lina alama ya pekee inayomruhusu anayelitumia avae cheo cha mwenye faili. Alama hiyo aliibuni Dennis Ritchie, mmoja wa wazee wa Unix, akapewa hataza yake mwaka 1979. Ukipiga 777 unaifuta. Mimi nilifungua milango yote ya nyumba kwa siku moja, na ule mlango mmoja wa mtunza funguo ukajifunga kwa ndani. Mjomba raia, mpwa raia, mkubwa hayupo.

Siku tatu nilikaa kibandani na printa mpya iliyofunikwa kitambaa. Mama mmoja wa karoti alikuja kutaka fotokopi ya kitambulisho.

"Kompyuta imekufa?"

"Haijafa, mama. Imeninyima ruhusa."

"Si yako?"

"Ni yangu."

Akanitazama kwa huruma ambayo sikuipenda. "Inunulie fanta," akasema, akavuka barabara kwenda kwa mshindani wangu.

Mpwa alifika Jumamosi, umuganda umeshamalizika. Hakunigombeza, alinywa maji, akakaa, akaizima mashine na kuiwasha huku amebonyeza kitufe. Ikatokea orodha, akachagua sehemu ya matengenezo, na mara akawa ndiye mkubwa wa mashine nzima. Nikamuuliza paswedi aliweka saa ngapi. Akasema huku haiulizwi. Aliyeishika mashine mkononi, akijua njia, anapita. Mimi mtu wa mpakani nilipaswa kujua. Mbele mageti na maafisa wakali, nyuma kuna njia ya panya.

Akairudishia sudo alama yake. Kumbe ni tarakimu 4 inayosimama mbele ya zile nyingine tatu, 4755. Lakini akasema folda niliyoichezea haiaminiki tena, bora ahamishe nyaraka zangu aweke mfumo upya. Nikamuuliza, kwa sauti ya mtu asiyejali sana, siku ile ya Jumanne kosa langu lilikuwa lipi hasa.

"Hukuwa na kosa. Ungetoka tu, ukaingia tena."

"Kutoka wapi?"

"Kwenye akaunti yako. Mashine husoma vikundi vyako unapoingia, basi. Nikikuongeza ukiwa umeshaingia, haijui."

Nilinyamaza. Nilikuwa kama mwenye jeto mpya mfukoni, aliyekaa ndani ya kantini ya mpakani akilalamika kwamba havushwi, wakati afisa anamsubiri arudi kwenye foleni. Siku tatu na wateja wangu wote, kwa kutoka na kuingia.

Mke wangu alikuwa ameleta chai. Ndipo mpwa, kabla hajafuta, akasema ngoja kwanza aangalie zile ripoti. Ripoti gani? Zile tulizoahidiwa, akasema. Zote zimeandikwa, zinamsubiri msimamizi wa mashine, na msimamizi ni yeye. Nikasema hakuna haja. Mke wangu akavuta kiti.

Akasoma kwa sauti, kama karani wa mahakama. Jumanne, saa moja na nusu usiku: mjomba, hayumo katika sudoers. Saa moja na dakika thelathini na mbili: mjomba, hayumo. Saa mbili kasoro robo: mjomba. Kila mstari una saa yake, jina langu, na amri niliyotaka itekelezwe. Zilikuwa kumi na moja. Alipofika ya mwisho akasita, akasogeza uso karibu na kioo.

"Saa tano kasoro dakika tatu. Mjomba, hayumo. Amri iliyoombwa: tafadhali."

Mke wangu akaweka kikombe chini, akataka kujua neno hilo nimejifunza lini.