Kwa Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo, kuhusu wageni wetu wa Julai

Mheshimiwa,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitanifikia, lakini kwetu hatuanzi na shida kabla ya salamu. Naomba radhi pia kwa karatasi hii: nimeichana katika daftari la kuchorea lililoachwa na wanafunzi wako, na nyuma yake kuna nusu ya pundamilia.

Mimi ni mama mlezi katika kituo cha watoto hapa Moshi. Jina la kituo naliacha, maana mshahara wangu unatoka humo. Kwanza shukrani. Kila Julai chuo chako, huko Uingereza, hutuletea vijana wenye afya na bashasha: siku kumi kwa watoto, sita mlimani, mbili Ngorongoro. Wanapaka rangi ukuta wa bwalo. Twiga wa mwaka juzi alifunikwa na tembo wa mwaka jana, ila shingo ilibaki, na wadogo zetu wanakua wakijua kwamba tembo ni mnyama mrefu. Si lawama, Mheshimiwa. Rangi ni nzuri, haibanduki.

Nimethubutu kuandika kwa jambo dogo. Chumba cha pili tuna mtoto wa miaka minne. Gari likisimama getini, wa kwanza kufika ni yeye. Hachagui mtu, akiona begi la mgongoni tu, ananyoosha mikono abebwe. Wanafunzi wako hufurahi, wengine hulengwalengwa na machozi, na katika kitabu cha wageni wameandika zaidi ya mara moja kwamba ana upendo mwingi. Uniwie radhi: mtoto wa umri huo anayelelewa na bibi yake kule Kiboriloni, akimwona mgeni hujificha nyuma ya kanga na kuchungulia kwa jicho moja. Mpaka akubali kupakatwa, ni siku mbili na pakiti ya biskuti. Huyo ana mtu wake. Wa kwetu, kwa hesabu yangu, amekwisha kupakatwa na watu wasiopungua arobaini, na wote walimwahidi kurudi. Siku ya kumi na moja hukaa getini na kikombe cha uji mpaka uji ufanye utando. Usiku hukojoa kitandani, jambo alilokuwa ameshaliacha. Shuka nafua mimi. Hilo halimo katika kitabu cha wageni, wala sidai liwemo.

Wakubwa nao siku ya mapokezi hawaendi shule, kwa kuwa wageni lazima waimbiwe. Hilo tunalimudu.

Ya Nairobi sitayataja, itakuwa kukosa adabu: yule kijana wa Oklahoma aliyekwenda kujitolea katika kituo cha watoto huko, akahukumiwa kwao Marekani mwaka 2016 kifungo cha miaka 40 kwa aliyowatendea watoto. Wanafunzi wako si wa namna hiyo. Ila nasikia huko kwenu mtu haajiriwi chekechea kabla rekodi yake ya uhalifu haijakaguliwa, nikaona ni utaratibu mzuri sana. Hapa mlinzi wetu huandika jina na namba ya gari.

Sasa nifike kwenye lililonikosesha usingizi. Yule mtoto wa getini ana mama. Anauza ndizi soko la Mbuyuni. Alimleta alipokuwa na miaka miwili, baada ya kufukuzwa kwenye chumba cha kupanga, akaambiwa hapa kuna chakula na shule. Kodi ya chumba ilikuwa shilingi 40,000 kwa mwezi. Huja kumwona Jumapili na mkungu mdogo wa ndizi mbivu. Wageni wakiwepo, huombwa kwa heshima zote akae kwa mlinzi mpaka gari liondoke, kwa sababu bango la nje limeandikwa yatima, na mama mzima uani anawachanganya wageni.

Afisa ustawi alitusomea kwenye semina kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi wake. Akasema wenzetu Kenya walisimamisha kusajili vituo vipya mwaka 2017, na kwamba Desemba 2019 Umoja wa Mataifa uliziomba nchi ziwalinde watoto na madhara ya safari hizi za kujitolea vituoni. Mimi ni mtu wa shuka na uji, siwezi kubishana na Umoja wa Mataifa.

Ombi langu, kama halivuki mpaka: nauli ya mwanafunzi mmoja tu, asiyekuja, ipitie kwa afisa ustawi ilipe chumba cha yule mama. Vijana waendelee kuupanda mlima. Mlima hauna kinyongo na anayeondoka.

Wako mtiifu,
Mama mlezi, chumba cha pili

N.B. Najua mambo ya nauli yana vikao vyake. Basi walau hili: kundi la mwaka huu limepangwa kufika Jumapili. Kama haitakuwa usumbufu, lifike Jumatatu.