Namna ya Kukopesha kwa Hati ya Shamba na Kubaki na Karatasi

Kuanzia Agosti, bonasi ya majani chai ikiwa bado haijaingia, jioni za Kanja, Embu, huwa na watu wenye bahasha za kaki. Jirani akibisha hodi na yake, mkaribishe. Ndani mna hati ya shamba, nambari yake inaanza na Kagaari/Kanja, naye anataka laki tatu tu. Mpe. Hati baki nayo.

Watakaokushauri usajili rehani hiyo kwa msajili wa ardhi Embu, wakwepe. Ushuru wa stempu wa rehani ni asilimia 0.1, kwa hiyo katika laki tatu zako serikali itakupora shilingi 300, na wakili naye atataka chake. Chaneni ukurasa wa daftari la mtoto, mwandikiane. Shahidi awe shemeji ya mkopaji. Mke wa mkopaji asisumbuliwe, hata kama sheria inataka sahihi yake pale boma la familia linapowekwa rehani.

Bodi ya ardhi nayo iacheni. Sheria ya 1967 inasema rehani ya shamba la kilimo bila idhini ya bodi ni batili, na maombi yapelekwe ndani ya miezi 6. Lakini ina huruma: inakuruhusu kudai pesa zako kama deni la kawaida, sawa na la mwenye duka la mbolea. Hata idhini ikipatikana, Sheria ya Ardhi ya 2012 haikuruhusu kuuza shamba kwa hati uliyoachiwa mkononi mpaka mahakama iamuru.

Hati sasa iweke chini ya godoro. Usiende kuweka zuio kwenye daftari la ardhi, jirani ataona humwamini. Na Ijumaa usisome Gazeti Rasmi la Serikali, maana ndimo hutangazwa hati zilizopotea: jina la mwenyewe, ukubwa wa shamba, nambari yake, kisha siku 60 za yeyote mwenye pingamizi. Siku hizo zikiisha kimya, jirani aliyeapa kwamba hati yake imepotea anapewa mpya, anaipeleka benki, na benki, kwa kukosa utu kabisa, inasajili rehani siku zile zile. Wewe unaendelea kulalia karatasi iliyokwisha kufa.

Jirani akitangazwa muflisi chini ya Sheria ya Ufilisi ya 2015, vaa koti uende kwenye mkutano wa wadai. Benki hutaiona ikihangaika. Inauza shamba lililosajiliwa kuwa rehani ya deni lake. Wachumaji wa majani chai ambao hawakulipwa wanatangulia, hadi shilingi 200,000 kila mmoja, na hapo sheria imefanya haki. Kinachobaki, kikibaki, mnagawana kwa uwiano wewe, duka la mbolea na yule aliyeuza matangi ya maji. Miaka 3 baada ya muflisi kuwasilisha taarifa ya mali na madeni yake, kwa kawaida anafunguliwa na deni lako linakwisha. Mkikutana sokoni, atakusalimu vizuri tu.

Msimamizi wa mali ya muflisi atakupa fomu ya madai. Kuna sehemu wanauliza dhamana unayoshikilia. Andika: godoro.