Apostrofu Imenila

Jirani, niwekee chai hapo, nipumue. Tangu Kongo iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, Masisi yote inakimbilia Kiingereza. Tangazo la kazi la ONG, Kiingereza. Kulinda stoo, Kiingereza! Wezi wetu wanaiba kwa Kiingereza? Na mvi zangu hizi, nikajiandikisha darasa la Kiingereza.

Sasa ile apostrofu. Ya Kifaransa tuliingiziwa kwa fimbo, lakini ina adabu. L'eau ni l'eau, utake usitake. Kiingereza kinakuachia: do not sawa, don't sawa. Mimi nikaandika do'nt, si ndipo maneno yanaposhikana? Profu, kijana ambaye ndevu bado anazisubiri, akazungusha biki nyekundu. "Papa, alama inakaa pale herufi ilipotoka. O ndiyo imetoka." Darasa kicheko. Hata mama muuza jibini, aliyefika amechelewa, akacheka bila kujua kwa nini.

Will not ni won't. Nikauliza, hiyo o imeingilia dirisha gani? Eti Waingereza wa kale walisema woll. Mimi nilikuwepo? Halafu it's yenye alama ni it is, its bila alama ni "yake". Lakini kitu cha Papa ni Papa's, na alama juu. Cha Papa kina alama, chake hakina! Nikaomba ruhusa ya choo. Nikakaa huko.

Na ng'ombe je? Milima yetu imejaa ng'ombe, lakini kibao cha bucha kinasema "nyama ya ngombe", na watu wanakula wanashiba. Profu akasema ile ni ya sauti, hakuna herufi iliyotoka. Kumbe ziko za aina mbili. Hawakutuambia.

Basi nikaomba ulinzi wa stoo kule Walikale, kwenye madini ya kasiteriti, na matope yote ya ile barabara. Barua nikaandika kwa simu. Simu yangu imeficha apostrofu ukurasa wa pili wa herufi, nani ana vidole vya kuitafuta? Nikaandika Ill work every night. Maana yangu: nitafanya kazi kila usiku. Kumbe Ill bila alama ni mgonjwa. Jibu likaja na heshima zote: wananipa pole, nilete kwanza karatasi ya daktari. Daktari naye anataka falanga, tena ananiuliza naumwa wapi.